Pikipiki ya Maskati na Jibu la Mwanakuu

Watu wa mtaa wa Kuze, Mombasa, humjua Ishaq kwa mambo mawili. La kwanza ni mkono wake. Mpelekee doti ya leso pale dukani Biashara Street, anapofanya kazi tangu hajaota ndevu, ataitandika mezani, ataipima kwa jicho tu, kisha mkasi utapita katikati bila kukwama, na kipande hiki hakitakizidi kile hata kwa uzi. La pili ni Alhamisi. Kila Alhamisi baada ya Alasiri, mvua ikiwa haikunyesha, humpakia mkewe Mwanakuu juu ya pikipiki ndogo nyekundu wakazunguka kisiwa, na mtaa mzima hutoka kutazama kana kwamba haukuwaona wiki iliyopita.

Usiicheke pikipiki yenyewe kabla sijamaliza. Ni kweli umri wake ni wa kuposa. Ni kweli hukohoa ikiwashwa na hukohoa ikizimwa, na kioo chake kimoja kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Lakini Mwanakuu hukaa juu yake upande, kama wakaavyo mabibi wa mji, buibui amelikunja chini ya paja lisije likaingia kwenye gurudumu, mkono mmoja begani kwa mumewe, na mdomo wake ukafika sawasawa na sikio. Hapo ndipo wanapozungumza. Nyumba yao ina mtoto wao wa kiume na mkewe Lamis na wajukuu, ina mashangazi wanaokuja kwa siku mbili wakakaa mwezi, na kuta zake hazizuii neno. Mambo mazito yote ya ndoa ile yameamuliwa barabarani: majina ya watoto, posa ya binti yao Raihana aliyeolewa Lamu, hata ule ugomvi mkubwa ambao nyumbani hawakusemezana, wakasemezana Alhamisi. Mwanakuu husema. Ishaq, kwa kuwa sauti ya dereva huchukuliwa na upepo, hujibu kwa kichwa. Akikiinamisha na kukiinua, amekubali, na neno limekwisha.

Mwaka huu neno lilikuwa moja tu, nalo ni macho ya Mwanakuu. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili. Mama huyu, ambaye zamani angekwambia nani kapita uchochoroni kwa kuona kisigino tu, sasa alikuwa akiwauliza majina watu aliocheza nao utotoni. Siku moja Biashara Street alilitolea salamu sanamu la dukani lililovishwa buibui, akakasirika kweli lilipokosa kuitika. Daktari alisema ni kazi ndogo, atafanyiwa asubuhi na jioni atalala kwake. Mwanakuu akasema haendi. Mamake aliwahi kufanyiwa, miaka hiyo, akarudi haoni hata mwanga wa taa, na yeye ndiye aliyemshika mkono mpaka siku alipozikwa.

Basi wakamwandama. Mtoto wake akasema, Lamis akasema, Raihana akalia kwenye simu kutoka Lamu. Aliyezidi wote ni Ishaq. Alimbembeleza, akamkaripia, akamletea watu waliopona, akawaketisha sebuleni wasome magazeti kwa sauti. Mpaka wiki ile, hospitali ilipompa nafasi na kutaka jibu kabla ya Jumamosi adhuhuri, Mwanakuu akamwita pembeni.

"Baba Raihana, Alhamisi n'takupa jibu langu. Moja. Ukisha kulisikia, nataka uniapie, hutaniuliza tena maisha yako."

"Wallahi sitauliza," akasema Ishaq, naye si mtu wa kuapa ovyo.

Huo ndio mzigo aliokuwa nao Jumatano, nduguye Fairuz alipoteremka na pikipiki.

Fairuz ni mdogo wake, aliyemlea mwenyewe baada ya baba yao kufa, na kwa miaka mingi sasa yuko Maskati. Alikuwa ameahidi kuja na zawadi. Ishaq alitarajia udi, au saa. Badala yake aliitwa aende barabarani Makadara, kwa sababu zawadi yenyewe ilikuwa imekataa kuingia Kuze. Ilijaribu kichochoro cha kwanza, masanduku yake ya ubavuni yakagusa kuta za pande mbili kwa wakati mmoja, ikarudi nyuma. Nasema ilirudi nyuma nikimaanisha hivyo hivyo. Ilikuwa na gia ya kurudi kinyumenyume kama lori, na watoto wa madrasa waliacha vitabu kuja kuitazama ikirudi.

"Kaka, hii ni pikipiki ya safari," Fairuz akasema, akiipangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Hii watu huvuka nayo majangwa. Wewe na shemeji mtakwenda Lamu kumwona Raihana, mmekaa kama mko barazani. Na ile takataka nyekundu sasa ipumzike. Nitaipeleka kwa mafundi waichukue vipuri."

Ishaq alifurahi, nisimzulie. Alifurahi mpaka akakosa pa kuweka mikono. Lakini alikuwa pia amevurugika. Alitafuta pa kutia ufunguo, akaambiwa ufunguo ukae mfukoni, pikipiki itajua mwenyewe. Alitafuta kikanyagio cha kuiwashia, hapana, ni kitufe. Mbele yake paliwaka kioo chenye rangi na maandishi, kikamkaribisha kwa Kiingereza. Akakiitikia, "Ahsante." Fairuz akageuza uso kuficha kicheko.

Alhamisi Alasiri ikafika. Ishaq alitaka kwenda na ile nyekundu, moyo wake ulimwambia, ila nduguye alikuwa amesimama pale Makadara na helmeti mbili mpya mkononi, na macho ya mtu anayengoja kushukuriwa. Mwanakuu akaletwa. Alivaa suruali ya Lamis chini ya buibui, maana kiti cha nyuma kilikuwa na mgongo wa kuegemea na sehemu za kuwekea mikono, na mtu hawezi kukikalia ila kwa kupanua miguu. Alipandishwa na watu wawili kama bibi harusi wa zamani. Akawa amekaa juu, mbali, amekumbatiwa na matakia, na bega la mumewe hakulifikia.

Helmeti ilikuwa ya kuziba kichwa chote. Ishaq alipoivaa, Mombasa ikanyamaza. Hakusikia tena muuza kahawa akigonganisha vikombe wala honi za Makadara. Alisikia pumzi yake tu, kama mtu aliyetia kichwa ndani ya mtungi.

Wakaondoka. Na hapa naomba niitendee haki mashine ile, kwa sababu Ishaq mwenyewe alipoulizwa baadaye hakuweza. Lile dude lilikuwa zito kama ng'ombe likiwa limesimama, na likishaanza kwenda uzito wote ukayeyuka. Alilipapasa tu, likainama kwenye kona ya Makadara peke yake, taratibu, kama lililokuwa limekwisha fikiria kona kabla yake. Matuta aliyoyajua kwa makalio yake mwenyewe, kila moja na ukali wake, hakuyaona yalipokwenda. Kioo cha mbele kilikuwa kinakata upepo, kikapanda chenyewe alipogusa mahali asipopajua. Alipita mtaa wa Buxton akidhani anatambaa, akatazama mshale wa mwendo, akashtuka na kukamata breki, na dude likatii bila hata kupiga kelele. Alikuwa kama mgeni kwenye nyumba ya tajiri: kila kitu kizuri, na hajui aketi wapi.

Kabla ya kugeukia barabara ya pwani ya Mama Ngina alimwona rafiki yake Kioko, anayefanya kazi naye dukani, akivuka barabara. Mtu hampiti rafiki bila kumpigia honi, na siku hiyo zaidi. Ishaq akatafuta honi kwa kidole gumba. Akabonyeza, kimya. Akabonyeza tena, kimya. Kioko akapita zake bila kujua kuwa mwenzake anaendesha merikebu.

Haikupita muda, vishikio vya usukani vikaanza kupata joto.

Mwanzo alidhani ni jua. Kisha akadhani ni yeye, presha imepanda, maana daktari alimwonya. Joto likazidi, likawa la chapati inayotolewa jikoni. Akainamisha kichwa kuvitazama vishikio: hakuna moshi. Akainua kichwa kutazama njia. Akainamisha tena: hakuna moto. Akainua. Moyoni alikuwa akisema, inaungua hii, inaungua kwa ndani, na nyuma nimempakia mtu asiyeona. Aliogopa kusimama ghafla asije akamwangusha, akaogopa kuendelea. Wakapita pwani yote ya Mama Ngina hivyo, mihogo ikikaangwa kando ya njia, kichwa cha Ishaq kikiinama na kuinuka, kikiinama na kuinuka.

Na ilikuwa ni hapo, katikati ya joto hilo, alipomwona Mwanakuu kwenye kioo cha pembeni. Alikuwa amefunua kioo cha helmeti yake. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Ishaq akakaza masikio, akasikia pumzi yake mwenyewe. Midomo ikaendelea, ikasita, ikasema tena kitu kifupi, ikafungwa.

Alikuwa amekwisha toa jibu.

Walipofika Makadara, Mwanakuu aliteremshwa, akavua helmeti, akapanga buibui lake. Uso wake ulikuwa umetulia namna ambayo Ishaq hakuiona kwa mwaka mzima. "Haya, basi ndiyo hivyo," akasema. "Nawe umeniapia." Akashika mkono wa mjukuu, akaingia uchochoroni.

Fairuz naye akaja mbio. "Enhe, kaka! Vipi?"

"Inaungua," akasema Ishaq, mikono ameining'iniza mbele kama mtu aliyetoka kutawadha.

Fairuz akagusa usukani, akacheka mpaka akaketi kwenye ukingo wa barabara. Hakuna kilichokuwa kinaungua. Ishaq alikuwa amebonyeza kitufe cha kupasha mikono joto. Pikipiki ilitengenezwa kwa watu wa nchi za theluji, wanaoganda vidole njiani.

"Mtu apashwe mikono joto?" akauliza Ishaq. "Mombasa?"

"Si lazima ukibonyeze, kaka."

Hakucheka. Hakuwa na nafasi ya kucheka. Alikuwa amengoja jibu mwaka mzima, limesemwa nyuma ya kisogo chake, na yeye alikuwa akitafuta moto usiokuwepo. Alikuwa ameapa kutouliza. Na kumwambia Mwanakuu kwamba hakusikia, mbele ya Fairuz aliyelipia lile dude kwa jasho lake, ni kumwambia nduguye kuwa zawadi yake imemtia uziwi. Sasa hakujua kama ni ndiyo au ni hapana.

Akaanza kupeleleza mke wake mwenyewe.

Usiku ule kulipikwa biriani ya nyama, katikati ya wiki, bila mgeni mpya. Akasema, amekubali, ndiyo anafurahi. Alipofika tonge la pili akasema, la, amekataa, ananituliza. Ijumaa asubuhi akamkuta Mwanakuu anapanga nguo kwenye mkoba mdogo. Za hospitali? Au anataka kwenda zake Lamu asisumbuliwe? Kila ishara aliyoishika ilikuwa na mikia miwili. Mwisho akafanya jambo ambalo ni muuza leso tu angelifanya: akatazama leso aliyojifunga. Miaka yote ile, Mwanakuu akiwa na neno zito, huchagua leso ambayo jina lake, yale maandishi ya pindoni, linalisema, akapita nayo mbele ya mumewe mara tatu. Ishaq akamzunguka, akainama kama anayetafuta kiatu, akasoma pindo. Ilikuwa leso kuukuu ya kufanyia usafi. Maandishi yote yalikuwa yamechujuka.

"Wataka nini hapo chini?" Mwanakuu akamwuliza.

"Kiatu."

"Mbona umekivaa?"

Dukani alikata doti upande. Kipande kimoja kikatoka kirefu, kingine kifupi, jambo lisilopata kuonekana pale, na Kioko akaja kusimama karibu naye kama mtu aliyefika kwenye msiba.

"Bwana Ishaq, ile pikipiki ndiyo imekufanya hivi? Hebu nipe habari zake. Inaendaje?"

Ishaq akafikiri kwa uaminifu. "Inakwenda vizuri sana," akasema. "Sijui."

"Hujui kama inakwenda vizuri?"

"Sijui nimeambiwa nini, Kioko." Akamweleza yote, na machozi yalimlengalenga, mtu mzima na mkasi mkononi. "Kesho adhuhuri wanataka jibu. Nikisema ndiyo naye alisema hapana, nitakuwa nimemburura. Nikisema hapana naye alisema ndiyo, nitakuwa nimemzika kwenye kiza nikimtazama. Na kumwuliza siwezi."

Kioko akakuna kidevu. "Umeapa usiulize. Hukuapa usikiri."

Neno lile lilimkaa. Ijumaa Alasiri, ambayo haikuwa siku yao, Ishaq alimtoa mkewe nyumbani. Fairuz alikuwa amelala. Ile nyekundu ilikuwa bado imeegemea ukuta chini ya dirisha, haijachukuliwa na mafundi. Akaipiga teke mara tatu, ikakohoa, ikaamka.

"Na hino?" Mwanakuu akauliza, akiitambua kwa kikohozi chake.

"Na hino."

Akakaa upande, akakunja buibui, akatia mkono begani. Ishaq alivaa ile helmeti yake ya zamani, nusu, masikio nje. Walipotoka Kuze sauti zote zikarudi: vikombe vya kahawa, honi, cherehani za Biashara Street, mtu akimwita mwenziwe kutoka dirishani. Tuta la kwanza likamfika uti wa mgongo, akalishukuru. Alikuwa amekusudia kukiri wakifika Mama Ngina, kwa maneno haya: Mama Raihana, jana sikukusikia hata neno. Akayarudia moyoni njia nzima. Walipofika pwani akafungua kinywa.

"Kesho ukenda kuwapa jibu," Mwanakuu akamwahi, mdomo sikioni, "wambie nakuya."

Pikipiki iliyumba. Muuza mihogo akavuta karai lake.

"Lakini jana..." akaanza Ishaq.

"Najua jana n'likwambia hapana. N'likwambia siendi, niwateni na kiza changu. Kisha n'kangoja unigombeze, kama kawaida yako." Vidole vyake vikakaza begani. "Nawe ukainamisha kichwa. Nikiona kitu cheupe tu, ile helmeti yako, yenda tini, yenda juu. N'kakwambia tena siendi, ukakubali tena. Hukusema mamangu alikosea, hukusema naogopa bure. Mwaka mzima, Baba Raihana, watu wote munanisukuma mgongoni. Jana weye umeniwata, hukunisukuma. Niliposhuka pale Makadara n'kahisi moyo umekaa, n'kasema, kumbe naogopa tu, si kwamba sitaki. Mtu akinishika mkono bila kunivuta, naweza kwenda. Utanishika mkono?"

Ishaq alikuwa na maneno yake mdomoni, yamepangwa sawa kama doti. Sikukusikia hata neno. Yalikuwa ni ya kweli, na kama angeyatoa, kichwa kile kilichoinama jana kingekuwa kichwa cha mtu anayetazama vishikio vya moto, basi. Wala kuyameza si uongo kabisa, akajiambia. Mbona hakumgombeza? Hakumgombeza kwa kuwa hakusikia. Na kama angesikia? Hapo alijijua. Angesimamisha lile dude papo hapo, angepiga kelele mpaka mihogo ikaungua. Aibu ikampanda, na furaha ikampanda juu ya aibu, akawa hajui ashike ipi.

"Nitakushika," akasema.

"Na hino usiwape mafundi. Ile ya Fairuz tutakwendea Lamu, mato yangu yakipona. Ile ni ya kutazamia njia." Gari likawapita. "Umenisikia?"

Ishaq akainamisha kichwa, kama ilivyo ada. Kisha akaona haitoshi. Akapunguza mwendo, akausogeza uso wake nyuma mpaka shavu likagusa buibui, akasema kwa sauti iliyowafikia hata wauza mihogo:

"Nimekusikia."